Wameshusha injini na giaboksi, wameosha kila kitu, wakarudisha kivali kilichoziba

Niseme mapema, mtu asije akadhani nina chuki binafsi: injini yangu ilitoka kwenye gereji ile inang'aa. Ukifungua boneti unaona alumini tupu, unaona namba zilizopigwa kwenye bloku ambazo sikujua hata kama zipo, unaona mpaka rangi ya soketi za waya. Tope la oili na vumbi lililoganda miaka yote hiyo limekwenda. Na bado inadondosha. Inadondosha pale pale ilipokuwa ikidondosha mwanzo, mahali ambapo ndipo sababu ya kushusha injini na giaboksi.

Sasa hii ni sifa au ni lawama? Nilipokaa kuandika nilikuwa nimeshaamua ni lawama. Tuendelee tu, tutaona.

Gari lilianza kunuka oili iliyoungua kila nikisimama kwenye foleni. Baadaye likawa linaacha alama kila linapolala. Msimamizi wa gereji akaingia chini na tochi, akatoka anajipangusa mikono, akasema sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imekwisha. Sili hiyo inakaa katikati ya injini na giaboksi, huifikii mpaka uvitenganishe. Na kwa kuwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nayo inatoa jasho, sili ya mbele nayo, tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, nayo, akashauri vyote vishuke kwa pamoja, vioshwe, na kila gasketi na kila sili ibadilishwe kwa mkupuo mmoja. Ushauri huo sina ugomvi nao hata leo. Sili yenyewe ni kipete cha mpira tu, kazi yote iko kwenye kushusha na kupandisha. Ukishateremsha mzigo wote huo halafu ukaacha sili kuukuu ya shafti au ya konveta (inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki) ndani, umejitafutia kurudi mwenyewe.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko walivyoniahidi, lakini hilo silihesabu, gereji gani inamaliza siku iliyosema? Nilikuwa napita mara kwa mara kuangalia. Na hapa lazima nimtaje kijana mmoja, fundi mdogo pale, maana bila yeye hii ingekuwa habari fupi sana.

Kijana yule hakuchomoa soketi hata moja kabla ya kuifunga utepe wa karatasi pande zote mbili na kuandika herufi ile ile huku na huku. Boliti za sampu hakuzimwaga kwenye kopo. Alichora umbo la sampu kwenye boksi la karatasi, akatoboa matundu, akachomeka kila boliti mahali ilipotoka. Nikamuuliza kwa nini anajichosha hivyo. Akasema, "Kaka, urefu wake haulingani. Ndefu ukiilazimisha kwenye tundu fupi unapasua alumini." Kompresa ya kiyoyozi aliifungua boliti tu, akaining'iniza pembeni kwa waya, mabomba yake ya gesi hayakuguswa. Presha ya petroli aliitoa kwanza ndipo akafungua bomba. Injini na giaboksi wakavishusha kwa chini vikiwa vimeshikana na fremu yake ya mbele, bodi ikapanda juu, mzigo ukabaki kwenye meza ya magurudumu.

Kwenye kuosha ndiyo nilivua kofia. Alternata na stata zilitolewa kabisa. Matundu ya hewa, ya plagi na ya sensa yakazibwa kabla hata maji hayajafunguliwa. Kuna fundi mwingine alileta kile kidude kinachozunguka cha kusugua mabaki ya gasketi, kijana akakikataa mbele yangu. Vumbi la kidude kile likibaki ndani linaingia kwenye oili na kula beringi, na alumini ikichimbika gasketi haikai tena vizuri. Akakwangua kwa plastiki na dawa, pole pole, mpaka nikachoka mimi ninayeangalia. Silikoni ya sampu aliipaka uzi mwembamba. Wale wanaojaza silikoni mpaka inafurika nje wanadhani ndiyo uhodari. Inayofurika nje unaiona, iliyofurika ndani inakatika, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na siku taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi unaanza kutafuta mchawi.

Sili ya nyuma ya krenki aliipitisha kidole kwanza pale inapokaa, akitafuta mfereji uliochimbwa na ile ya zamani. Haukuwepo. Na giaboksi ilipokuwa inarudi, aliizungusha konveta huku akiisukuma, ikagota, akaizungusha tena, ikaingia zaidi, akapima kwa rula ndipo akaruhusu boliti zikazwe. Kuna mafundi wanaivuta giaboksi kwa nguvu ya boliti konveta ikiwa bado haijakaa, wanavunja pampu, halafu wanakwambia giaboksi yako ilikuwa mbovu tangu ulipoileta.

Hapo wewe ungetoa ngapi? Mimi kichwani nilikuwa nimeshatoa nyota zote.

Nikalichukua gari, likawa jepesi, kimya, gia zinaingia bila mtu kujua. Nikatandika kipande cha boksi chini yake usiku, si kwa wasiwasi, kwa raha tu ya kuamka na kukikuta kikavu. Kikawa kikavu. Kikawa kikavu tena. Baada ya wiki chache nikakuta tone. Siku zilizofuata likawa si tone, ni duara. Rangi ya kahawia. Oili ya giaboksi yangu ni nyekundu, kwa hiyo giaboksi haikuwa na kesi. Ni injini, na ni pale pale kwenye maungio.

Nikarudi. Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, simu mkononi. Nikamsalimia, nikamweleza. Hakusimama. Akanitazama juu mpaka chini, akasema:

"Mzee, hilo gari lina umri. Lazima litoe jasho."

"Fundi, jasho ndilo nililolipia likome."

"Basi ni oili iliyobaki kwenye pembe, inashuka taratibu. Endesha tu."

Oili iliyobaki kwenye pembe! Injini iliyooshwa mpaka namba za bloku zinasomeka, hiyo pembe iko wapi? Nikamwomba walau aingie chini aangalie. Akasema mtu wa kuangalia hayupo. Mtu wa kuangalia alikuwa amesimama nyuma yake, yule kijana, spana mkononi, anasikiliza.

Kijana hakujibu kitu. Alikuja, akaniomba niwashe gari, akafungua mfuniko wa kuwekea oili, akachana karatasi kutoka kwenye daftari na kuilaza juu ya tundu. Injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa, karatasi ile inatakiwa ivutwe chini, ishike kwenye tundu. Ilirushwa. Aliirudisha, ikarushwa tena, na moshi mwembamba ukafuatia. Akazima, akachomoa kivali kidogo kilichochomekwa juu ya tapeti kava, kidogo kuliko kidole gumba, akakiweka karibu na sikio langu akakitikisa. Kikiwa kizima kinalia ndani, tik, tik. Hiki kilikuwa bubu. Alipokigeuza, ndani kumejaa masizi meusi mazito.

Kwa asiyejua: injini ikifanya kazi, kiasi fulani cha gesi ya mlipuko hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka chini kwenye krenki. Gesi hiyo haiwezi kubaki mle. Kivali kile ndicho njia yake ya kutoka, kinairudisha kwenye njia ya hewa ya injini ikaungue upya. Kikiziba, presha inajaa ndani, na presha haina adabu, inatafuta mahali palipo dhaifu. Palipo dhaifu ni kwenye midomo ya sili. Unaweza kufunga sili mpya, ya kiwandani, imekaa sawasawa, bado ikasukumwa kutoka ndani mpaka ikaachia. Kwa maneno mengine, huenda hata ile sili ya kwanza haikufa kwa uzee, iliuawa, na muuaji wakamwosha kwa nje wakamrudisha kazini.

Na si kitu kigeni hiki. Marekani vali za namna hii zilianza kufungwa kwenye magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1960, California wakitangulia, kwa ajili ya kupunguza moshi mchafu. Ni kitu cha kuchomoa kwa mkono. Hakihitaji winchi, hakihitaji meza ya magurudumu. Tapeti kava ilitolewa, ikaoshwa nje na ndani, ikafungwa gasketi mpya, na kivali kimechomekwa juu yake wakati wote huo kinawatazama!

Nikamgeukia msimamizi. Nilitegemea hata "samahani" ya mdomoni. Jibu lake nimelishika neno kwa neno, maana nimelirudia kichwani kila nikiingia kwenye gari:

"Kazi yako ilikuwa usafi na sili. Hiyo ni sili?"

Halafu, badala ya kunitazama mimi, akamgeukia kijana: "Na wewe nani amekutuma?"

Hapo ndipo mori ulinipanda. Mimi kujibiwa vibaya nimeshazoea, mwenye gari bovu hana heshima popote. Lakini kijana aliyefanya kazi kwa mikono safi vile, anafokewa mbele ya wateja kwa kosa la kutafuta kinachovuja, tena kosa lenyewe si lake. Siku tapeti kava inafungwa yeye alikuwa amehamishiwa gari jingine, nilikuwepo nikaona. Aliyeifunga ni huyo huyo bwana mkubwa wa kwenye kiti.

Kisha nikakumbuka karatasi ya kazi. Ilikuwa ndani ya gari. Nikaisoma pale pale kwa sauti, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka nilipofika kwenye ule unaosema mfumo wa hewa ya krenki, ndio wa kivali kile, umekaguliwa, uko sawa, na alama ya vema pembeni. Kimekaguliwa na nani? Kwa macho gani? Kama mstari huo usingekuwepo ningesema wamesahau, binadamu husahau. Lakini kuweka alama ya vema kwenye kitu ambacho hukukigusa si kusahau. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Msimamizi akaichukua karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akanirudishia.

Kivali kipya nilikinunua mwenyewe kwingine siku ile ile. Kijana alikichomeka kabla injini haijapoa, tukarudia ya karatasi, safari hii ikanata kwenye tundu kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa.

Sasa haki iko wapi? Tangu kivali kipya kiingie, uvujaji umepungua sana. Kuna asubuhi nakuta boksi kavu kabisa, najikuta nataka kuja kufuta haya yote. Kuna asubuhi nakuta duara, nataka kuyaandika kwa herufi kubwa. Kijana alininong'oneza kwamba sili ikishasukumwa kidogo kutoka mahali pake haijirudishi, kwa hiyo giaboksi itabidi ishuke tena. Sampu, tapeti kava na sili ya mbele ni kavu mpaka leo, nimepitisha tishu nyeupe chini kote, imetoka nyeupe. Kazi ile ni nzuri. Nairudia, kazi ya mikono ni nzuri, na ukinibana nitakwambia sijaona gereji nyingine inayopanga boliti kwenye boksi vile.

Ukienda pale, usiulize kama wataosha, wataosha mpaka uone aibu. Waambie wakuonyeshe kivali kikiwa mkononi, kitikiswe ukisikie, na karatasi ilazwe kwenye tundu la oili kabla ya kushusha na baada ya kupandisha. Wakikuambia hiyo siyo sili, unajua unaongea na nani.

Nimeshawaambia giaboksi ishuke tena kwa gharama yao. Msimamizi alisema atanipigia. Hajapiga, na mimi sitampigia. Nilikuja hapa na mpango wa kutoa nyota tatu, lile jibu la "hiyo ni sili?" limeshachukua mbili nikiwa naandika. Iliyobaki ni ya kijana. Msimamizi akipiga simu wiki hii nitarudi kuongeza ya pili. Ya tatu asahau.