TAHADHARI: Manesi wapya Mbeya na Iringa, kuna mtu anauza "nafasi za ICU"

Manesi wenzangu mliomaliza juzi juzi na bado mko mtaani, hasa huku kwetu Mbeya, Songwe, Njombe mpaka Iringa, someni hii kabla hamjatuma hata mia. Mi nimeshapigwa 265,000, na sijioni mjinga kihivyo, ni vile jamaa anajua kabisa panapotuuma.

Diploma nimemaliza, mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi nimepita, leseni ninayo. Ila kila tangazo la hospitali za kibingwa, iwe ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), iwe kusafisha figo, iwe chumba cha upasuaji, ukishuka chini unakuta uzoefu miaka miwili. Uzoefu nautoa wapi kama hakuna wa kunianzisha? Nimejitolea miezi minne zahanati huko Tukuyu, kuchoma sindano, kufunga vidonda, kupima watoto uzito, na hiyo hakuna anayeihesabu.

Sasa huyu jamaa anajiita Dokta, tuliunganishwa naye kwenye grupu la Wasap la ajira za afya. Sauti ya upole, anakuita sista, hana haraka. Akasema kuna hospitali ya kibingwa ya serikali inachukua manesi 12 wa ICU, ila yeye ndo anayekusanya majina ya nyanda za juu kusini. Kwanza fomu, 30,000. Alafu vipimo vya afya na chanjo ya homa ya ini, 85,000, na hapo ndo nilizidi kumwamini maana nesi kuchanjwa homa ya ini ni kitu kinachoeleweka, nikajiambia huyu anaijua kazi. Baada ya siku tatu akaja na ya mwisho: "Sista, CV yako nzuri ila huna ICU, nitakutengenezea cheti cha kozi fupi cha tarehe za nyuma, 150,000." Yaani kozi sijakaa hata siku moja. Na nikatuma. Mama aliuza ndizi alizokuwa anasubiria bei ipande, akanipa bila kuuliza sana.

Hela ilienda kwa namba ya simu, jina likatokea la mwanamke, kumuuliza akasema ni mhasibu wao. Hapo tu ningeshtuka! Malipo ya serikali siku hizi yanakwenda kwa kontroo namba, mhasibu wa serikali hapokei ada kwenye simu ya mfukoni.

Barua ya kazi ikaja kwa Wasap, ina nembo, ina muhuri, nikalia kabisa kwa furaha. Aliyenizindua ni dada mmoja tuliyekuwa naye wodini kipindi cha fildi, yeye ameajiriwa muda mrefu. Kaiangalia hata dakika haijaisha, akaniuliza, "We mdogo wangu, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la Kwanza umepandishwa lini na hujaanza kazi?" Maana serikalini wa diploma unaingilia Daraja la Pili, la kwanza ni la kupanda. Alafu barua inasema napelekwa ICU moja kwa moja, wakati yeye alivyoripoti matroni ndo alimpangia wodi. Na imetumwa kwa jimeili, wakati ofisi za serikali barua pepe zao zinaishia na go.tz.

Nikabisha kidogo (moyo haukubali haraka), nikapanda Kosta hadi Mbeya kwenda kwenye "ofisi" aliyonielekeza maeneo ya Mafiati. Ghorofa lipo kweli, chumba kipo, ila ndani kuna fundi cherehani, na yeye akasema mimi ni wa nne wiki hiyo. Kwenye ngazi nikamkuta dada katoka Makambako na begi lake la nguo kabisa, katoka na sare mpya ameshashona. Jamaa simu haipokei, kwenye grupu nimeshatolewa.

Ajira za serikali unaomba mwenyewe kwenye Ajira Portal, kuomba ni bure, na majina ya kuitwa kwenye usaili yanatoka wazi kila mtu anayaona. Hospitali binafsi, nenda getini ukaulize ofisi ya utumishi, nauli ya bajaji ni ndogo kuliko hiyo "fomu". Na hicho cheti cha kughushi ndo kinanitisha kuliko hela. Ningekitumia kweli nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia sijui hata kengele yake inalia kwa nini, mgonjwa akapata shida, anayesimama mbele ya Baraza ni mimi na leseni yangu, sio Dokta.

Meseji zake nimezifowadi 15040 (namba ya kuripoti meseji za matapeli), polisi nimefungua jalada, RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo. Jana mtu kanitumia skrinishoti, kaja na grupu jipya, safari hii ni nafasi za chumba cha upasuaji na fomu imepanda hadi 40,000. Mliotuma msifute chochote, meseji za muamala na voisi zote tunzeni. Na wewe dada wa Makambako wa pale kwenye ngazi, sikuchukua namba yako, kama unasoma hapa nitafute inboksi twende wote polisi, wameniambia tukiwa wengi jalada linatembea.