Gereji ya kabureta ya Ng'ambo, Tabora: mapitio ya kazi iliyofanywa kwenye Land Rover ya zamani

Kwa wenye magari ya zamani mjini Tabora ambao kila asubuhi ya kipupwe hulazimika kukanyagakanyaga mafuta ili injini isizime, gereji moja ndogo ya Ng'ambo, iliyo chini ya miembe, inastahili kujulikana, hasa kwa sababu fundi wake hakubali kuigusa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, kabla hajalisikia gari likiwashwa likiwa baridi kabisa. Humtaka mteja alete gari jioni na kuliacha lilale hapo, naye huliwasha alfajiri kabla boneti haijapata jua. Sharti hilo huwaudhi baadhi ya wateja, lakini ndilo lililoitofautisha kazi yake na ya gereji nyingine nilizopita, ambako gari lilipokelewa mchana injini ikiwa bado ya moto, skrubu ya sailensi (mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta) ikapandishwa, nikarudishiwa ufunguo. Siku hiyo gari liliunguruma vizuri. Kesho yake alfajiri tatizo lilikuwa palepale, na mafuta yakaliwa zaidi.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya sentimita za ujazo 2,286, yenye kabureta ya Zenith 36 IV. Choki ikivutwa liliwaka bila shida. Ikirudishwa, injini iliyumba, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi, kisha ikazima. Wengi husema gari la namna hiyo linakosa mafuta, kumbe limezidiwa nayo. Choki ya kabureta hii hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubana hewa ili petroli iongezeke, kwa kuwa katika injini baridi sehemu kubwa ya petroli hubaki majimaji kwenye kuta za manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye injini, badala ya kugeuka mvuke, na wakati huohuo hufungua eksileta kidogo ili mzunguko upande. Unapoirudisha, msaada ule wa eksileta huondoka, na kama petroli ya ziada inaendelea kuingia kwa njia nyingine, injini haina budi kuzima.

Fundi hakuanzia kwenye kabureta. Alifungua plagi akazikuta zimejaa masizi makavu, akapima uwazi wa platini, swichi ndogo inayokatiza umeme ili plagi zitoe cheche, ambao kwa injini hii unatakiwa uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, kisha nafasi ya tapeti, visukumio vya valvu, ambayo ni milimita 0.25 kwa valvu zote. Baada ya kuridhika na valvu na upande wa moto, yaani umeme wa plagi, akapulizia maji kuzunguka kitako cha kabureta na maungio ya manifoldi huku injini ikiunguruma. Sauti haikubadilika, kwa hiyo hapakuwa na hewa inayopenya. Kipimo kilichofuata ndicho kilichonishawishi. Aliikaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka ikafika mwisho. Injini inayopata petroli yake ya sailensi kwa njia iliyokusudiwa ingezima hapo, lakini hii iliendelea kuunguruma, ushahidi kwamba petroli ilikuwa inapita mahali pengine.

Wanaozifahamu Zenith hizi wanapajua mahali hapo. Kifuniko cha juu na kipande chenye jeti (vitundu vinavyopima petroli) kinachofungwa chini yake hupinda kwa joto la miaka mingi na kwa kukazwa kupita kiasi, gasketi ikashindwa kuziba, na oringi, pete ndogo ya mpira iliyo kati yao, ikakauka, hata petroli ikajipitia bila kudhibitiwa na skrubu yoyote. Fundi alilaza msasa wa maji juu ya kioo kinene, akasugua nyuso zote mbili kwa mwendo wa duara, akawa anazipima kwa rula ya chuma huku akiangalia penye mwanga, mpaka mwanga ukakoma kupita chini ya rula. Kazi hiyo haiharakishwi, naye hakuiharakisha. Akabadilisha gasketi, oringi na sindano ya boya inayofunga petroli kabureta ikijaa, na jeti akazizibua kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa waya hupanua tundu na kuharibu kipimo chake. Waya wa choki nao ulikuwa na kutu, ukiacha njia ya hewa imezibwa nusu hata kitufe kikiwa ndani, ukawekwa mpya.

Alitaja pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mafundi wengine. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kabureta ya aina hii haina uwezo wa kujirekebisha kwa hilo. Gari lililopangwa vizuri Pwani likifika huku huwa tayari limezidisha petroli, na kasoro ndogo ya choki huonekana kubwa. Ndiyo maana skrubu ya mchanganyiko aliipanga hapahapa, safari hii injini ikiwa imepata moto kamili.

Yapo yasiyoridhisha. Kabureta hufunguliwa nje, na ingawa fundi huifunika kwa kitambaa safi, kiangazi cha Tabora kina vumbi, na chembe moja tu ya mchanga inatosha kuziba jeti ya sailensi. Kazi hii inahitaji chumba. Risiti haitolewi usipoidai, na orodha ya spea zilizobadilishwa niliiandika mwenyewe. Gasketi ziliagizwa Dar es Salaam zikaja kwa basi, na kungoja kulikuwa kurefu kuliko matengenezo yenyewe.

Ufundi uligharimu shilingi 60,000 bila spea, bei ambayo kwa kazi ile naiona ya haki. Nilipouliza kuhusu kununua kabureta mpya ya kuiga, fundi alinishauri niendelee na ya asili, ingawa kunifungia mpya kungempa kazi nyepesi zaidi. Sasa choki hurudishwa kidogo kidogo, injini hutulia bila kukanyagwa, na plagi zina rangi ya kahawia. Anayekwenda aende jioni, gari likiwa na betri nzima na petroli ya kutosha kuwashwa mara kadhaa alfajiri, na aulize kwanza kama gasketi za kabureta yake zipo.