Godfather Coda: nimelipa mara tatu ndo nikauona mwisho wake

Jamani nina hasira na hii muvi, au niseme na jamaa aliyeniuzia, sijui hata nianzie wapi. Godfather ya kwanza na ya pili nimezikariri, mzee wangu alikuwa nazo kwenye mikanda enzi tunakaa Temeke, ila ile ya tatu ya 1990 nyumbani haitajwi, mzee aliiangalia mara moja tu akasema wamemharibu Michael, yule bosi wa mafia. Sasa nikasikia Coppola mwenyewe, dairekta wake, kairudia, kaikata upya na kuitoa Desemba 2020 kwa jina la The Godfather Coda: The Death of Michael Corleone, nikasema hii lazima nimpelekee mzee.

Nikaenda kibanda kimoja cha muvi Sinza, nikatoa flashi na buku langu, jamaa kaniwekea. Kufika nyumbani tunawasha, naona ile nyumba iliyotelekezwa pembeni ya ziwa, afu Michael kanisani anavishwa nishani. Hiyo ndo ya 1990 hiyo! Mpya inaanza moja kwa moja Michael kakaa na askofu mkuu mwenye benki ya Vatican mkononi, mtu kachanganyikiwa, mamia ya mamilioni ya dola hayaonekani. Kumbe jamaa kabadilisha jina la faili tu. Kesho yake narudi, hedifoni hata hajatoa masikioni, ananijibu, "Braza, muvi ni ileile tu, we unataka nini kingine?" Na wateja wamejaa pale wananiangalia kama mi ndo msumbufu.

Kaniwekea nyingine na buku kachukua tena. Hii kweli ilikuwa mpya. Tukaangalia mpaka kule Palermo, kwenye ngazi za jumba la opera, risasi iliyomlenga Michael inampata binti yake Mary, anamuita baba yake anadondoka, Al Pacino, ndo Michael mwenyewe, anafungua mdomo kupiga ule ukelele usiotoa sauti, na picha ikaganda hapohapo. Mdomo wazi. Mzee kashika kikombe cha chai hanywi, mi narudisha nyuma napeleka mbele, wapi, faili limeishia pale.

Kwa hasira zile nikasema huu ni usanii mtupu, kwani kimebadilika nini? Sofia Coppola, ndo Mary, bado anaongea kama anasomeshwa, ingawa simlaumu sana, ana miaka 18 kipindi kile, Winona Ryder aliyepewa nafasi hiyo kajitoa dakika za mwisho, baba mtu akamsukumia binti yake kwenye moto. Robert Duvall hawakuelewana kwenye malipo kwahiyo Tom Hagen, yule wakili wa familia aliyemuigiza, hayupo, na mkasi hauwezi kumleta mtu ambaye hakupigwa picha. Ile helikopta inayomimina risasi Atlantic City bado ipo. Urefu wenyewe umepungua dakika chache tu. Ina maana yule jamaa alikuwa sahihi? Hapana, na ndo kinachoniuma, maana nikitulia nakiri ule mwanzo umesaidia, tena sana. Ya zamani wanakupiga na sherehe weee mpaka uje ujue hela ni za nini ushachoka. Hapa toka mwanzo unajua huyu mtu kaja kununua heshima kwa watu ambao hawana. Ukishajua hilo, ile toba mbele ya kadinali Lamberto, anavyotoa jiwe kwenye maji analivunja na ndani kukavu, afu Michael analia kwamba alimuua mtoto wa mama yake, yaani kaka yake mwenyewe, aisee mwili ulinisisimka, na hiyo sehemu nilikuwa naijua.

Wiki iliyofuata nikalipia mtandaoni, bando likaisha lote, ili tu nione zile dakika za mwisho. Ya 1990 Michael kazeeka, kakaa kwenye kiti uani, anadondoka kama gunia na mbwa pembeni, basi. Hii mpya anavaa miwani, anakaa, giza, afu yanakuja maandishi kwamba Msisilia akikwambia "cent'anni" anakutakia maisha marefu, na Msisilia hasahau. Hafi! Muvi inaitwa kifo chake na hafi! Hasira zikanipanda tena, nikamwambia mzee wanatuchezea hawa, yaleyale ya steringi hafi. Mzee akasema, "Mwanangu, huyo alikufa siku ile kwenye ngazi. Hapo wamemnyima tu kupumzika."

Nimeshakirudia hicho kipande mara mbili toka siku hiyo. Neno la usanii nalifuta. Sisemi imeifikia ya pili, haiwezi, na Mary ananikera kila akifungua mdomo, ila huu mwisho unaumiza kuliko ule wa kudondoka, na mzee kaniambia nisiifute kwenye flashi, yeye aliyekataa hata kuitaja. Sasa yule wa Sinza kala buku zangu mbili na huo mwisho ndo alioukata, afu ananiambia muvi ni ileile tu.