RC2014: Kompyuta ya Z80 ya kuunda mwenyewe, na seti ipi inafaa hapa Tabora

Mwangaluka, watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna RC2014, kompyuta inayoendeshwa na chipu ya Z80, inayouzwa ikiwa vipande: bodi tupu, mifuko ya vipuri, na kulehemu ni juu yako. Aliyeibuni ni Spencer Owen wa Uingereza, mwaka 2014, akianzia kwenye mchoro wa Grant Searle. Haina skrini wala kibodi. Unaiunganisha na laptop kwa waya wa siriali, unafungua programu ya terminali, basi laptop ndiyo inakuwa skrini na kibodi yake.

Seti ziko kadhaa, ila wengi mnauliza kuhusu mbili, Classic II na Pro. Hukumu tunaitoa mapema: kwa Tabora, chukua Pro.

Sababu ni umeme. Classic II ina RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika) ya kilobaiti 32, na BASIC ya Microsoft ya 1978, lugha ya kuandikia programu, imekaa ndani ya ROM (kumbukumbu isiyofutika). Ukiwasha inauliza "Memory top?", unabonyeza Enter tu, inakujibu "32382 Bytes free", na hapo hapo unaanza kuandika programu. Raha yake ni ya kweli. Lakini haina mahali pa kuhifadhi kitu. Umeme ukikatika saa mbili usiku, ulichoandika tangu magharibi kimekwenda chote. Njia iliyopo ni kuandika LIST kila mara ili programu yako ionekane kwenye skrini, kunakili maandishi kutoka kwenye terminali na kuyatunza kwenye laptop. Kwa anayejifunza inatosha. Kwa anayetaka kuendesha programu za zamani haitoshi.

Pro ina RAM ya kilobaiti 64 na nafasi ya kadi ya CompactFlash, kwa hiyo inaendesha CP/M 2.2, mfumo endeshi wa Gary Kildall uliotawala kompyuta ndogo kabla ya DOS. Hapa kuna ufundi mzuri sana. Z80 ikiwashwa huanza kusoma anwani 0000, kwa hiyo ROM lazima iwe pale. Lakini CP/M inataka RAM pale pale chini, maana kila programu hupakiwa kuanzia anwani 0100 ya heksa (namba za msingi wa 16). Pro inatatua hivi: ROM inaanzisha mashine, kisha inajiondoa njiani na kuiachia RAM eneo lote. Classic II haina uwezo huo, ndiyo maana ukiichomekea kadi peke yake hupati CP/M.

Tuje kwenye kulehemu. Anza na vipuri vifupi: rizista, kapasita ndogo za nanofaradi 100, halafu soketi, mwisho safu za pini. Kila soketi ina mkato mdogo upande mmoja, kilingane na mchoro wa bodi. Ukimaliza bodi moja, isugue kwa mswaki na spiriti. Mabaki ya dawa ya kulehemu yanashika vumbi letu la kiangazi na yanaficha viungo vibaya.

Usichomeke chipu hata moja kabla ya kupima. Pima kwanza kati ya volti 5 na ardhi kuona kama kuna shoti. Kisha washa, pima kwenye soketi tupu ya Z80: mguu wa 11 ni volti 5, wa 29 ni ardhi. Zima, weka chipu, washa tena. Kama skrini iko kimya, pima mguu wa 26, ambao ni riseti. Lazima uwe karibu na volti 5. Ukikuta sifuri muda wote, mara nyingi kitufe cha riseti kimelehemiwa kikiwa kimegeuzwa robo mzunguko. Halafu mguu wa 6, saa ya mashine: mita ya kawaida itasoma takriban volti 2.5, kwa kuwa mawimbi yanapanda na kushuka kwa kasi ambayo mita haiwezi kuifuata. Vyote viko sawa na bado kimya? Badilishana waya za TX na RX, yaani wa kutuma na wa kupokea.

Herufi za ajabu zikijaa kwenye skrini, kasi ya terminali imekosewa. Iwe 115200, biti 8, bila pariti, stopi 1. Namba hiyo haikuokotwa tu. Kristali ni ya megahezi 7.3728, na ikigawanywa kwa 64 inatoa 115200 kamili. Waya wa siriali uwe wa volti 5, tena wenye mguu wa RTS, unaoiambia laptop isubiri kabla ya kutuma zaidi. Bila RTS, ukibandika programu ndefu ya BASIC, herufi zinadondoka katikati na utalaumu bodi bure.

Kuhusu chanzo cha umeme, kaa kati ya volti 4.75 na 5.25. Chaja nyingi za simu za bei ya chini zinashuka chini ya hapo, mashine inajizima na kujiwasha. Pawabanki nzuri inafaa zaidi, ila ijaribu kwanza: nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Na hata ukiwa na pawabanki, CP/M huandika taarifa za faili kwenye saraka pale faili linapofungwa, hivyo kazi isiyohifadhiwa hupotea. Ndani ya WordStar, programu ya kuandikia maandishi, zoea Ctrl-K kisha S.

WordStar yenyewe lazima uielekeze kwamba terminali yako ni ya ANSI au VT100. Usipofanya hivyo, utaona mabano na namba zikitapakaa kila unaposogeza kishale. Turbo Pascal 3, ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal, nayo ni vivyo hivyo, kupitia programu yake ya mipangilio, TINST. Programu mpya unaziingiza kwa DOWNLOAD.COM: faili linageuzwa maandishi kwenye laptop, unabandika, linaandikwa kwenye kadi.

Kadi isiwe kubwa. Ya megabaiti 128 inatoa diski 16 za megabaiti 8, na hiyo 8 ndiyo mwisho wa diski moja kwa CP/M 2.2. Ukinunua kadi, hakikisha inakubali hali ya biti 8, maana zisizokubali hazisomeki kabisa.

Jambo la mwisho ni chipu ya akiba. Aprili 2024 Zilog, watengenezaji wa Z80, walitangaza kuacha kutengeneza Z84C00, yaani Z80 ya aina mpya ya CMOS, na oda za mwisho zikafungwa Juni mwaka huo. Sasa mtandaoni zimejaa Z80 za zamani zilizopakwa rangi na kuandikwa namba mpya. Ukipata moja, endesha amri ya mashine ED 71 (heksa) kuelekea bodi ya ziada yenye taa nane: Z84C00 halisi huwasha taa zote, ya zamani, ya aina ya NMOS, huziacha zimezimika. Zikibaki zimezimika, rudisha chipu kwa muuzaji.