Mpira wa kuzibia mlango: moshi wa koridoni umekoma, wa barazani bado

Kama unakaa ghorofani na moshi wa jirani unakuingilia kwa mlangoni, mpira huu nunua. Kama unaingilia dirishani, tunza hela yako.

Sisi tunakaa Nyamanoro, Mwanza, nyumba ya ghorofa yenye korido ya ndani, na mwanangu ana pumu. Dada wa mlango wa pili hubandika maharage koridoni kwa jiko la mkaa. Simlaumu, mtungi wa gesi ukiisha si kila wiki kuna hela ya kujaza. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie kupikia ifikapo 2034, lakini kifua cha mtoto hakiwezi kungoja hadi hapo.

Mpira wenyewe ni ule mweusi wa sponji wenye gundi mgongoni. Niliupata duka la vifaa vya ujenzi Makoroboi, roli shilingi 6,000, ukatosha pande tatu za fremu. Chini ya mlango fundi alipiga skrubu ubapa wa aluminiamu wenye brashi, 9,000. Futa fremu kwa spiriti kwanza, iache ikauke kabisa, maana gundi haishiki juu ya vumbi. Kwenye kona usiukunje, kata uanze kipande kingine. Usiku zima taa ya ndani, ya koridoni ibaki inawaka: popote unapoona mwanga unapenya, moshi nao unapita hapo. Kwangu ulionekana karibu na bawaba ya juu, nikaongeza kipande.

Wenye feni ya kutolea hewa jikoni, hili ni lenu. Feni ikitoa hewa, nyingine lazima iingie mahali pake, na madirisha yakiwa yamefungwa itavutwa kutoka koridoni pamoja na moshi wake. Ukiiwasha, fungua kidogo dirisha la upande usio na moshi.

Na tafadhali, mkishaziba hivi msiingize jiko la mkaa ndani, hata kama mvua inanyesha. Hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Ndiyo maana yule dada sikumwambia apikie chumbani kwake. Tulikubaliana jiko lishuke uani, siku za mvua apikie kwangu kwenye gesi.

Sigara ya mzee wa chini, mpira hauiwezi. Baraza zetu zinatazama ziwa, na mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo moshi wake ulikuwa unapanda moja kwa moja hadi kitandani kwa mtoto. Nilishuka nikamwambia, "Shikamoo baba, nina ombi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, mbona hukusema siku zote hizi?" Sasa mchana na jioni anavutia nje getini. Usiku wa manane upepo ukishageuka, anavuta barazani kwake na moshi unaelekea majini.

Kabla hujalipa, bonyeza mpira kwa kidole. Ukiachia uinuke mara moja; ule unaobaki na shimo, mrudishie muuzaji.