Uzoefu wangu: rotili na raki endi za bei nafuu kwenye Corolla ya 1998, Lubumbashi

Gari langu ni Toyota Corolla ya 1998, lenye usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia Lubumbashi kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam na mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Nimelibadilishia rotili zote mbili za usukani, yaani viungo vya nje vinavyolishika gurudumu ili usukani uligeuze, zile ambazo kwenye bidhaa zitokazo Tanzania huitwa tairodi endi, pamoja na raki endi mbili (viungo vya ndani vinavyounganisha rotili na raki, fimbo yenye meno inayosukumwa na usukani) na boljointi mbili za chini (viungo vinavyounganisha gurudumu na mkono wa chuma ulio chini ya gari), na hakuna hata kimoja kati ya vipuri hivyo kilichotoka kwenye boksi la Toyota. Magari ya umri huu ni mengi mjini, na sisi wenye nayo tunaulizana kila mara kama kipuri cha bei nafuu kinafaa kwenye usukani. Jibu langu, baada ya kulitumia gari msimu mzima wa mvua, ni kwamba kinafaa ikiwa kimetengenezwa na kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo. Kile cha bei ya chini kabisa, kisicho na jina wala namba, hakifai. Na rotili iliyokwisha kutumika haifai kufungwa hata ukipewa bure.

Dalili nilizionea kwenye barabara ya Likasi, ambako gari lilikuwa linatangatanga na kunilazimisha kuurekebisha usukani kila nilipopishana na lori la madini. Kwenye vichochoro vya udongo vya mtaa wa Katuba nilisikia mgongano mkavu upande wa kushoto, na tairi ya mbele ya upande huo ilikuwa imelika ukingo wa ndani. Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua ni kiungo gani hasa kilicholegea, kwa sababu ukimwachia fundi aamue kwa kusikiliza tu, atakuambia vyote vimekwisha.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Gari likiwa juu ya jeki na kuegemezwa pia kwenye stendi imara, unalishika gurudumu kushoto na kulia na kulitikisa: likicheza, rotili ya usukani au raki endi imelegea. Ukilishika juu na chini nalo likacheza, shaka inahamia kwenye boljointi au beringi ya gurudumu. Ili kutenganisha rotili ya nje na raki endi ya ndani, fundi aliubana kwa vidole mpira wa mikunjo unaofunika ncha ya raki wakati mimi ninatikisa gurudumu, na ule mgongano ukamgonga kiganjani. Kipimo ninachokiamini zaidi, hata hivyo, hufanywa gari likiwa chini, uzito wote ukiwa juu ya matairi: injini inawashwa, mtu mmoja anausogeza usukani kidogo kidogo huku na huku, na mwenzake anakitazama kila kiungo kwa zamu. Kiungo kizima huupokea mwendo papo hapo na kuupitisha; kilichokwisha huruka kwanza peke yake, ndipo gurudumu linapofuata.

Kulegea kwa aina hiyo si jambo la kuahirishwa. Rotili ikichomoka, gurudumu la upande wake linakwenda linakotaka lenyewe na usukani unabaki kuzunguka bila amri juu yake, na kwenye barabara ya kitaifa namba 1, kati ya malori yanayobeba shaba na kobalti, hakuna nafasi ya kulitafutia gari mahali pa kusimama.

Kinachoua viungo hivi kwetu mara nyingi ni mpira wa kukinga kupasuka, hata kabla chuma chenyewe hakijachoka. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu linaingia kwenye ufa wowote na kuchanganyika na grisi hadi grisi yenyewe inageuka msasa. Mvua zikianza Novemba, maji yanaingia palepale na kuleta kutu juu ya mpira wa chuma, ile gololi inayozunguka ndani ya kiungo. Ndiyo maana nilipokwenda dukani jambo la kwanza nililolichunguza lilikuwa mpira huo wa kukinga, kabla hata ya kuuliza bei. Uwe laini, unaorudi mahali pake ukiuminya, na ushikiliwe na pete ya waya pande zote mbili. Mpira mgumu unaong'aa kama plastiki ya ndoo utapasuka kwenye mikunjo yake kabla mwaka haujaisha.

Baada ya hapo nilishika shina la rotili kwa vidole na kulizungusha. Rotili mpya nzuri ni nzito kuisogeza, na uzito huo ni sawasawa katika pande zote. Haikwami mahali fulani na kulegea pengine, wala haianguki yenyewe upande mmoja ukiigeuza. Nilitazama pia nyuzi za skrubu chini ya mwanga, kwa sababu nyuzi zilizochongwa vibaya zina ncha zilizokatika, na nikalinganisha shina na la rotili ya zamani niliyokuwa nimeibeba mfukoni. Shina hilo limechongwa likipungua unene kuelekea juu ili likae barabara ndani ya tundu lake. Likiwa jembamba kidogo litazama kupita kiasi, na nati itafika mwisho wa nyuzi bila kukaza kitu.

Suala la namba lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Namba za Toyota za rotili za usukani huanza na 45046 au 45047, raki endi huanza na 45503, na boljointi ya chini huanza na 43330. Muuzaji mwenye katalogi anaweza kuanzia namba ya chasisi, ile iliyo kwenye bati ndani ya boneti, akapata namba kamili ya gari lako, kisha akatafuta kipuri kinacholingana nayo kutoka kampuni nyingine. Corolla za miaka hiyo zinafanana kwa macho lakini vipuri vya chini havifanani vyote, na neno la muuzaji kwamba «hii inaingia kwenye Corolla zote, Papa» halikunitosha. Nilimwomba afungue katalogi, naye, namshukuru, alifungua bila kununa.

Nilichukua rotili na raki endi za 555, chapa ya kampuni ya Sankei ya Japani, na boljointi za CTR ya Korea Kusini. Kwenye vipuri vya 555, herufi za mwanzo wa namba zinakuonyesha ulichoshika: SE ni rotili ya usukani, SR ni raki endi, SB ni boljointi. Chapa yenye sifa nzuri huigwa, kwa hiyo nilihakikisha kwamba namba iliyo kwenye boksi imepigwa pia juu ya chuma chenyewe, kwa alama iliyozama na kusomeka, si kwa wino au kibandiko. Rotili moja niliuziwa dola 15, ambapo isiyo na jina kwenye meza hiyohiyo ilikuwa dola 6. Tofauti ya dola 9 kwa kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele mimi siioni kuwa kubwa, nami nasema hivyo nikijua vizuri dola 9 ni fedha ya chakula nyumbani.

Hizo za bei ya chini nazijua kwa karibu, maana raki endi zilizokuwa kwenye gari langu zilikuwa za namna hiyo, kutoka kwa mtengenezaji ambaye sitamtaja, na hazikufikisha mwaka. Tulipozitoa, fundi aliikata moja kwa grainda ili tuone ndani. Mpira wa chuma haukuwa umesuguliwa hadi kung'aa. Mistari ya mashine iliyouchonga ilikuwa bado inaonekana na kugusika kwa ukucha. Kikalio cha plastiki kilichoupakata kilikuwa kimesagwa na kuwa unga wa kijivu, na grisi haikujaza hata kijiko cha chai. Chuma chenye mikwaruzo namna ile kinapozunguka ndani ya plastiki, ni lazima plastiki iliwe, hata barabara ikiwa lami tupu.

Kuhusu vipuri vilivyotumika, ninatenganisha mambo mawili. Raki nzima iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa Japani ningeinunua kuliko raki mpya ya bei ya kutupa, mradi iwe ya gari lenye usukani upande wa kulia kama langu, isiwe na dalili ya oili kuvuja, na fimbo yake iwe safi bila kutu ukifunua mipira ya mikunjo. Rotili na boljointi ni habari nyingine, kwa sababu hizo zimeumbwa zilike, na ya mtumba umeinunua ikiwa imelika kiasi usichoweza kukipima.

Kazi yenyewe niliisimamia mwanzo hadi mwisho katika karakana ya Kampemba. Kabla ya kufungua chochote tulipiga alama ya rangi kwenye nyuzi, kisha fundi akahesabu mizunguko alipokuwa anaitoa rotili ya zamani, ili mpya iingie kwa mizunguko hiyohiyo na gari lisitoke karakanani magurudumu yakitazama pande tofauti. Nilisisitiza itumike pula ya kung'olea rotili badala ya nyundo. Fundi aliikaza pula taratibu, akasubiri, akaongeza robo mzunguko, na shina likaachia kwa mlio mmoja mkali. Wenye haraka hupiga nyundo juu ya shina lenyewe, nao huharibu nyuzi. Na ikiwa rotili bado ni nzima, wameiua hapohapo.

Boljointi ya Corolla hii imefungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, hivyo hakuna haja ya kununua mkono mzima kama kwenye magari mengine. Kwa nati ya rotili ya usukani, kipimo cha Toyota cha kukazia ni niutoni-mita 49, na karakana ilikuwa na spana ya kupimia, jambo ambalo lilinifanya niichague. Nati hiyo ina meno kama taji, na pini hupitishwa katikati ya meno. Ikiwa tundu halijalingana na pengo baada ya kukaza, nati husogezwa mbele kidogo hadi lilingane. Kuirudisha nyuma ni kulegeza ulichokwisha kupima. Pini iwe mpya pia. Boksi moja lilikuja bila pini, na fundi alitaka kuinyoosha ya zamani. Nilituma kijana dukani alete nyingine, kwa sababu pini iliyopindwa mara ya pili hukatika.

Siku hiyohiyo tulikwenda kupima paralelisme, yaani kama magurudumu yanatazama mbele kwa usawa, kwa mashine. Wapo wanaopima kwa kamba iliyovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, na kamba inafaa kukufikisha kwenye mashine bila kula matairi, lakini haitoshi kwa mtu anayesafiri Kasumbalesa na kurudi. Nilimwomba fundi wa mashine aunyooshe usukani kwanza, aufunge usisogee, ndipo arekebishe pande zote mbili kwa usawa, maana akirekebisha upande mmoja tu gari litakwenda sawa huku usukani umelala.

Mwanzoni usukani ulikuwa mzito kidogo kuliko nilivyozoea, hali inayotokana na viungo vipya, na baadaye ukalainika. Gari sasa linashika njia yake kwenye barabara ya Likasi hata likipishana na malori, mgongano wa Katuba umekwisha, na tairi mpya ya kushoto inalika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua zilipokatika nilirudi chini ya gari na tochi: mipira yote ya kukinga ni mizima, haina ufa wala grisi iliyotoka nje, na rangi tuliyopaka kwenye nati haijasogea. Bushi za mikono ya chini, ile mipira iliyo kwenye maungio yake, ndizo zilizoanza kupasuka, na muuzaji ameziagiza Dar es Salaam kwa namba ya chasisi. Zikifika na kufungwa nitaandika jinsi zilivyo.