Msumari Kwanza, Mkasi Baadaye: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Kukatia na Kufungia Ukingo wa Vinili kwa Nyumba za Tanga

Katika mji wa pwani kama Tanga, kinachoamua ukuta uliovalishwa vinili, yaani vibao vya plastiki, utadumu miaka mingapi si kibao chenyewe wala rangi yake, bali ni msumari ulioshika kanda za ukingo, zile zinazozizunguka kingo za vibao, na namna kanda hizo zilivyokatwa. Nasema hivyo baada ya kuiona nyumba ya mama mdogo wangu huko Raskazone, ambayo ukuta wake unaoelekea baharini ulivalishwa vibao vyeupe vya kupendeza, kisha vikafungwa kwa skrubu nyeusi, zile zinazofungia jipsamu. Masika ya pili hayakwisha kabla michirizi ya kutu haijashuka kutoka kwenye kila pembe ya dirisha. Nilipoigusa kwa bisibisi skrubu moja iliyoshika ukingo, kichwa chake kilikatika na kuniangukia kiganjani kama ganda la kidonda, na shingo yake ikabaki ndani ya mbao. Vibao vilikuwa vizima kabisa. Kilichoshindwa ni kitu kilichogharimu sehemu ndogo kuliko vyote katika kazi ile.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vifungio, na kuvipa nafasi kubwa zaidi, ndipo uje kwenye vifaa vya kukatia. Hata hivyo, kabla ya kupanga kipi ni cha kwanza na kipi ni cha mwisho, ni lazima mnunuzi aelewe kitu anachokwenda kukifunga.

Vinili ni plastiki ya PVC, ya ukoo mmoja na mabomba ya maji na vibao vya dari tunavyovijua. Vibao vya ukutani havisimami peke yake: chini huwekwa kipande cha kuanzia, kwenye pembe za nyumba husimamishwa vipande vya kona, kuzunguka milango na madirisha hufungwa ukanda wenye umbo la herufi J ambao hupokea ncha za vibao, na juu kabisa, chini ya paa, huwekwa kipande cha kumalizia. Hivi vyote ndivyo ninavyoviita kanda za ukingo. Kila kimoja kina pindo lenye matundu marefu ya misumari, na urefu wa matundu hayo una sababu yake. Plastiki hii hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa ubaridi kuliko mbao au saruji. Kibao cha urefu wa mita 3.66, ambao ni urefu wa kawaida wa vibao vinavyotengenezwa Marekani, kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile kilichokuwa nalo kilipofungwa, hurefuka kwa milimita zinazokaribia 7. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la Februari tangu saa nane mchana hufikia tofauti hiyo bila shida, hasa kama rangi yake ni ya kuiva. Kibao kilichokazwa hakina pa kwenda. Huvimba katikati ya misumari na kufanya mawimbi yanayoonekana tangu barabarani.

Kutokana na hayo, kifungio kizuri kwa kazi hii kina sifa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua akiwa dukani. Kichwa kiwe bapa na kipana, kisipungue milimita 8, ili kisipenye tundu. Shingo iwe na unene wa milimita 3 hivi, ili ipite kwenye tundu na kuacha nafasi ya kuteleza. Urefu utoshe kuingia ndani ya mbao angalau milimita 32. Na juu ya yote, kisishike kutu. Ni vyema kwenda dukani na kipande kidogo cha ukanda wa J mfukoni, ukautia msumari kwenye tundu lake hapo hapo kaunta. Usipoteleza kwa uhuru kushoto na kulia, uurudishe.

Nafasi ya kwanza naipa misumari yenye kichwa bapa iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Neno la muhimu hapa ni kuchovywa. Dukani utakuta misumari ya aina mbili ambayo yote huitwa ya zinki: mmoja unang'aa, ni laini kama sarafu mpya, na huo umepakwa zinki kwa umeme, tabaka lake likiwa jembamba mno kwa hewa yetu ya chumvi; mwingine una rangi ya kijivu iliyofifia, mkwaruzo mkwaruzo ukiupitisha kwenye vidole, na pengine una vidonge vidogo vya zinki vilivyogandia shingoni. Huo mbaya wa sura ndio mzuri. Zinki yake ni nene mara kadhaa kuliko ya ule unaong'aa, na ndiyo itakayoliwa na chumvi kwanza kabla chuma hakijaguswa. Kwa nyumba za Ngamiani, Chumbageni, Makorora na kuelekea Pongwe, sioni sababu ya kutumia fedha zaidi ya hapo.

Nafasi ya pili ni skrubu za chuma kisichoshika kutu za daraja la 316, na kwa nyumba inayoiona bahari moja kwa moja, kama zile za Raskazone, naipandisha iwe ya kwanza. Ninaiweka ya pili kwa mji mzima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni tabia ya mafundi: skrubu ikishawekwa kwenye drili, mkono huzoea kuikaza hadi iseme, na ukingo uliokazwa umekwisha kuharibika hata kama skrubu yenyewe itang'aa miaka 30. Mnunuzi asiridhike kwa kuambiwa tu kwamba ni chuma kisichoshika kutu, kwani daraja la 304 huuzwa kwa jina hilo hilo na karibu na bahari huota madoa ya rangi ya chai. Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316. Kinachosaidia ni maandishi kwenye pakiti: A4 ni jamaa ya 316, na A2 ni jamaa ya 304. Tena uchague yenye kichwa bapa kwa chini, si kile kilichochongoka kama faneli, kwa kuwa cha faneli hujivuta ndani ya tundu na kulibana pindo.

Misumari ya alumini ni ya tatu. Haifanyi kutu nyekundu, na kwa hiyo haichafui kibao cheupe, lakini ni laini. Ukiupigilia kwenye mbao ngumu kama mtiki wa Longuza utapinda mara nyingi kuliko utakavyoingia, usipotangulia kutoboa. Ina udhaifu mwingine mkubwa ambao wengi hawaujui: alumini haipatani na saruji mbichi, wala na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, yaani zile paini zenye rangi ya kijani. Kwa kuwa hizo ndizo watu wengi huzinunua kwa kuogopa mchwa, alumini hujikuta imeondolewa katika nyumba nyingi.

Misumari ya bati yenye kofia naiweka ya nne, na naiweka kwa kusitasita. Inapatikana kila duka na nyingi zina zinki, lakini kofia yake imetengenezwa kugandamiza bati lisipeperuke, kazi ambayo ni kinyume kabisa na hii yetu, na shingo yake aghalabu hulijaza tundu. Skrubu nyeusi za jipsamu na misumari ya kawaida isiyo na zinki sizipi nafasi yoyote, na gundi ya silikoni vilevile, kwa sababu inazuia plastiki kutembea mahali inapopaswa kutembea.

Kuhusu kiasi cha kununua, nitatoa mfano ambao kila mtu anaweza kuubadilisha kulingana na nyumba yake. Kuta zetu nyingi ni za tofali za saruji, hivyo vinili hufungwa juu ya mbao za mbili kwa mbili zilizosimamishwa ukutani kila baada ya sentimita 40, nazo zikiwa zimeshikwa kwa skrubu ndefu na plagi za plastiki. Chukua ukuta wa mita 10 kwa 3 wenye madirisha mawili. Utahitaji mbao 26 za kusimamisha. Kibao kinachofunika sentimita 20 kitakupa safu 15, na kila safu ikipata msumari mmoja kwenye kila mbao, hiyo ni misumari 390. Kanda za ukingo hula misumari kwa wingi zaidi, mmoja kila sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kipande cha kuanzia, cha kumalizia, kona mbili na kanda za J za madirisha zitachukua kama 160. Nunua 600, utabaki na akiba ya iliyopinda. Mahali ambapo ukanda wa ukingo unapita bila kukuta mbao nyuma yake, kwa mfano kandokando ya dirisha, ongeza mbao. Usimruhusu fundi kupigilia kwenye plasta tupu.

Sasa vifaa vya kukatia. Cha kwanza bila ubishi ni mkasi wa bati, wenye ulimi mrefu na wa kukata moja kwa moja. Ni rahisi kuupata, hauhitaji umeme, na unatosha karibu kazi yote ya ukingo. Siri yake ni kutofunga meno hadi mwisho: ukate robo tatu ya ulimi, usukume mkasi mbele, ukate tena, kwani kila unapofunga kabisa ncha huacha ufa mdogo kwenye plastiki. Dukani, jaribu kukata karatasi kwa ncha ya mkasi. Ukiitafuna badala ya kuikata, mkasi huo umelegea kwenye pini na utaitafuna vinili vilevile.

Pamoja nao nunua kisu cha wembe wa kubadilisha, ambacho nakiweka cha pili. Kisu hiki hakikati kibao hadi upande wa pili. Kinachora mstari mmoja wa nguvu ya wastani, kisha unakunja mbele na nyuma hadi kipande kikatike chenyewe. Cha tatu ni msumeno wa mkono wa kukatia chuma, kwa vipande vya kona ambavyo mkasi huvipinda umbo. Msumeno wa umeme wa duara ni wa nne, si kwa ubaya wake bali kwa sababu nyumba moja haihalalishi kuununua. Mwenye nao achague diski ya meno madogo mengi, ile ya plaiwudi, aifunge ikiwa imegeuzwa nyuma, asukume polepole, na avae miwani. Diski iliyogeuzwa isiguse mbao wala chuma hata mara moja. Grainda naiweka mwisho, na ningeomba isiletwe kabisa. Inayeyusha PVC badala ya kuikata, inaacha ukingo wenye mafundo, na moshi wa PVC iliyoungua una asidi inayoumiza koo na mapafu.

Thamani ya mkasi mzuri huonekana kwenye pembe ya juu ya dirisha, na hapa ningependa msomaji asimame karibu na fundi wake. Ukanda wa J wa juu hukatwa ukiwa mrefu kuliko dirisha, ukizidi kila upande kwa upana wa uso wa ukanda. Kwenye ncha zake mbili, sehemu ya chini hukatwa mikato miwili midogo ili kibaki kiulimi, na kiulimi hicho hukunjwa kuelekea chini kiingie ndani ya ukanda wa J wa pembeni. Kwa njia hiyo maji ya mvua ya kusi yanayopigwa upande upande hushuka kutoka ukanda wa juu hadi wa pembeni na kutoka nje, badala ya kupenya kwenye fremu. Fundi aliyezikata kanda nne zikakutana tu kwenye pembe na kujaza silikoni amekuachia dirisha litakalovuja.

Wakati wa kufunga, vibao vikatwe vikiwa kivulini, kwa sababu kilichoanikwa juani kimekwisha kurefuka na kitakuwa kifupi jioni. Kila ncha inayoingia kwenye ukanda wa J iachiwe milimita 6. Msumari upigwe katikati ya tundu, na kati ya kichwa na pindo ibaki nafasi ya unene wa kadi ya benki. Kadi yenyewe inafaa sana kupimia. Kipande cha kona pekee ndicho huanza tofauti: misumari miwili ya kwanza hupigwa kwenye sehemu ya juu ya matundu ya juu kabisa, ili kipande kining'inie hapo, na mingine yote ifuate katikati.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, pita kwenye kila safu, weka kiganja juu ya kibao na ukisukume kushoto, kisha kulia. Kinachoteleza kwa milimita chache kimefungwa vizuri. Kisichotikisika, omba kifunguliwe siku hiyo hiyo, wakati ngazi bado ziko ukutani.